Gari Lililokunywa Maji ya Punda

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, wakati ambapo mvua za vuli hazijabisha hodi Ukambani na mito ya Kitui aghalabu imebaki mchanga mtupu, nilipotoka Kibwezi baada ya adhuhuri kwenda Mutomo kwenye posa ya mpwa wangu, nimevaa shati jeupe na ghururi ya mtu ambaye ndani ya buti la gari lake umelala mpira mpya wa rejeta mwaka wa pili sasa. Nilivuka mto Athi, unaozitenga Makueni na Kitui, nikaanza kuupanda uwanda wa Yatta, ule mgongo wa lava wenye urefu upatao kilomita 300. Na hapo mshale wa joto ukapanda upesi kuliko gari, boneti ikafuka, nami nikajua kwamba mpira wa juu umepasuka.

Nilingoja nusu saa, maana kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi ila na mtu aliyeuchoka uso wake. Mpira wa zamani ulikuwa umeing'ang'ania shingo ya rejeta kama kupe, hata nikaukata kwa kisu cha maembe. Mpya ukaingia kwa mate na dua. Ndipo akatokea mama mtu mzima na punda wawili, kila mmoja na mitungi minne ya lita 20, maji aliyoyachimba mchangani tangu alfajiri.

"Shikamoo, mama. Nisitiri kwa maji."

Akanishushia mtungi bila ya neno. Nikayamimina kwa taadhima, nikawasha moto, na punde si punde mpira ukachomoka, maji yakanirukia kifuani. Kwani zile pete za kukazia, ambazo sharti zitangulie kuvishwa, zilikuwa zimelala juu ya betri zikinitazama.

"Mwanangu," akasema, "kwetu ng'ombe anayekunywa hivi hukamuliwa."

Mtungi wa pili niliulipia, na bei ilikuwa halali. Pete moja parafujo yake ilikwisha kuliwa na kutu, basi akafungua ukanda wa tyubu uliofungia mzigo wa punda, akaukaza kwa mkono wake, mizunguko saba.

Nilikwenda mwendo wa jeneza, nikisimama kila mwinuko kuutazama ule mshale. Na nilipolifikia soko la kwanza, magharibi imekwisha kuingia, punda walikuwa wamekwisha kutuliwa mizigo.