Rangi Kwanza, Riwaya Baadaye

Wapo waungwana ambao hadi leo hawaandiki ila kwa WordPerfect 5.1, programu ya mwaka 1989. Watakunong'oneza siri zake: bonyeza Shift na F1, ubadilishe rangi za skrini, hata kazi ya kila kitufe. Bonyeza Alt na F3, misimbo iliyojificha nyuma ya maneno ijianike yote. Siri kubwa kweli, maana zimo kwenye kitabu cha maelekezo! Basi asubuhi bluu huwa kijani, adhuhuri kijani huwa kijivu, jioni vitufe huhamishwa. Riwaya? Subira. Hata mwandishi wa riwaya George R. R. Martin, mpenzi wa programu nyingine ya kuandikia, WordStar 4.0, alitoa kitabu cha tano cha mfululizo wake wa Westeros mwaka 2011. Cha sita, nadhani, bado kinachaguliwa rangi.