Bunduki ya Mlinzi wa Rangi Tatu

Waungwana wa Marekani hukesha wakihojiana juu ya bunduki za marisau: ipi chuma chake hudumu, na mtengenezaji yupi huijibu barua ya mteja kwa adabu, ilhali kampuni ya bunduki ya Remington, iliyoasisiwa mwaka 1816, imetangaza kufilisika mara mbili, 2018 na 2020, hata sijui barua hizo husomwa na nani.

Mlinzi wa duka la jumla hapa Mbagala Rangi Tatu hana taabu hiyo. Kitako cha bunduki yake kimezongwa utepe wa tyubu ya baiskeli, na maandishi ya kiwanda yamekwisha kufutwa na jasho la mabega ya waliomtangulia, hivyo hata akitaka kulalamika hana anwani. Afadhali mwenye gobore, ambaye mhunzi aliyelifua hukaa kijiji kilekile na hana pa kujificha.

Wala hatumlaumu mlinzi wetu: tangu tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka hapa hapa, wakazi wa Mbagala twaiona bunduki isiyolia kuwa ndiyo iliyotimia ubora.