Terabaiti 2 kwa Bei ya Biriani

Flashi ya terabaiti 2 kwa bei ya sahani ya biriani ni muujiza ambao hata mganga wa kienyeji angeona haya kuutangaza. Ukiipasua, mara nyingi utakuta chipu ya gigabaiti 8 au 16. Kilichochezewa ni programu ndogo ya kidhibiti chake, iliyofundishwa kuidanganya kompyuta kwa uso mkavu. Kompyuta nayo, mpole wa watu, huamini. Picha za harusi zinaingia, majina ya mafaili yanajipanga kama wageni waalikwa, lakini ukibisha hodi hakuna mtu: kilichozidi kimeandikwa juu ya cha zamani au kimepotelea hewani.

Utasema uliijaribu palepale dukani, ukaweka nyimbo tatu na zote zikalia. Naam, nyimbo tatu zinaenea hata kwenye gigabaiti 1. Tangi hupimwa kwa kulijaza, na ndiyo kazi ya programu za bure kama H2testw na F3: huandika mpaka pomoni, kisha husoma upya. Zinachukua saa nyingi, kweli, na mwenye haraka hana saa hizo. Basi mwenye mfuko mwembamba afanye nini? Anunue gigabaiti 32 za kweli. Muuzaji tumwache, yeye maandishi ya ubavuni aliyakuta, na risiti angekuandikia, kitabu tu ndicho kimekwisha.