Chonge Zangu na Shahada ya Pili

Columbus, Ohio

Mjomba,

Salamu ziwafikie wote hapo Ifakara, kuanzia Bibi hadi yule mama wa genge anayetangaza kwamba nimekwenda Marekani kung'oa Wazungu meno. Mwambie bado. Vyuo sita nilivyoomba vimenijibu vyote, tena kwa adabu: wamefurahi kunifahamu, wananitakia kila la heri kwingineko.

Najua mtauliza mbona digrii ninayo. Huku mtu hatoki kidato cha sita akaingia kwenye meno moja kwa moja, kama Muhimbili, akamaliza kwa miaka mitano. Unaanza na digrii nyingine kabisa, ndipo unaomba, na ukipata ni miaka minne tena. Katikati kuna mtihani uitwao DAT. Wanakuchorea karatasi inakunjwa, inakunjwa tena, inatobolewa. Ukiikunjua, matundu yako wapi? Bibi anasuka mkeka wa ukindu huku macho yake yakiwa kwenye sufuria ya wali. Angeupasua mtihani ule. Mimi niliona matundu hadi ukutani. Na alama zenyewe, zilizokuwa 1 hadi 30, mwaka 2025 wamezigeuza zikawa 200 hadi 600. Sasa hata kujua umeanguka kiasi gani kunataka hesabu.

Lakini kilichoniangusha hasa ni alama za digrii ya kwanza. Mchana nilikuwa darasani, usiku kwenye nyumba ya wazee nikiosha meno yao ya bandia, kila seti kwenye kikombe chake chenye jina. Asubuhi moja nilibadilisha vikombe viwili. Mzee mmoja akanywa chai kimya, mwenzake akacheka na meno yasiyo yake. Kwenye fomu, nilipoulizwa uzoefu wangu wa kinywa na meno, niliandika kazi hiyo. Vikombe sikuvitaja.

Basi nikashauriwa nisome shahada ya pili, niombe upya. Nikafurahi, nikijua alama mpya zitafunika za zamani. Kumbe wapi! Ule mfumo wa pamoja wa kupokea maombi, AADSAS, unahesabu alama za digrii ya kwanza peke yake na za shahada ya pili peke yake. Wewe muuza mchele utanielewa: gunia la mwaka jana likishaingia mawe, huwezi kumwagia mchele mpya juu ukasema lote safi. Wanapima magunia mawili, na la mawe wanalifungua kwanza.

Zimebaki njia mbili. Moja ni mwaka mmoja wa sayansi za tiba, unabanwa na baiokemia na fiziolojia, vyuo vingine vinakuketisha darasa moja na wanafunzi wa udaktari wenyewe. Ukifaulu, hawana la kusema. Ukifeli, umewathibitishia. Ada yake ni ya kuuza shamba. Sijasema uuze, Mjomba, kaa chini.

Ya pili ni afya ya jamii. Wenzangu wanaibeza, eti alama zake laini, haionyeshi kama utaiweza sayansi ngumu. Nilikuwa nawaunga mkono mpaka nilipokwenda kumwona mhadhiri mmoja. Akauliza natoka Tanzania sehemu gani. Huwa nasema karibu na Dar es Salaam, kufupisha maneno. Siku hiyo nikasema Ifakara. Mama wa watu akasimama! Akaanza kunihadithia kwetu: vyandarua vya Zuia Mbu vya miaka ya 1990 Kilombero na Ulanga, chanjo ya malaria iliyojaribiwa kwa watoto wa Idete, hadi hema la kunasia mbu linaloitwa kwa jina la mji wetu. Nikamwambia mjomba wangu alikuwa akikesha amekunja suruali, mbu akitua mguuni anamvuta kwa kimrija. Akataka kukuandikia. Huku wewe ni mtu mkubwa, hujaambiwa tu.

Halafu kuna usaili: kati ya vile vyuo sita, kimoja kiliniita kabla ya kunikataa. Walimu watatu, madaktari wa meno wote, hakuna aliyenitazama machoni. Walikuwa wanatazama pale chonge zangu za juu zilipotakiwa kuwa. Mmoja akashindwa, akauliza. Niwaeleze vipi meno ya nailoni? Mtoto anachemka na kuharisha, ufizi unaonekana umevimba, wanasema ni hayo meno, fundi anaitwa na spoku ya baiskeli. Na Ifakara, mji wa baiskeli, spoku haijawahi kuadimika. Anachimbua vijino ambavyo havijaota, anaondoka. Na spoku haijui kuchagua: inaweza kuliharibu hata jino la ukubwani lililolala chini yake. Nikajibu nilianguka mwembeni.

Ningejibu ukweli labda leo ningekuwa ndani. Homa ile ilikuwa ya mbu, nina hakika: mbu akaniletea homa, homa ikaleta fundi, fundi akaondoka na chonge zangu. Sasa hayo ni meno, au ni afya ya jamii?

Nimechagua afya ya jamii, na baiokemia nitaisoma pembeni kulijaza gunia la pili. Kazi ya kwanza darasani ni kumhoji mtu wa nyumbani. Kwa hiyo usiku huu, Bibi akishakula, muulize kwa upole: homa yangu ilikuwa na siku ngapi fundi alipoitwa? Nani alimtaja kwanza? Spoku ilichemshwa? Na yule kuku aliyelipwa, alikuwa jogoo au mtetea? Akikasirika, acha hayo mengine, niletee jibu la kuku.