Jinsi ya Kupoteza Meno kwa Dawa Nzuri

Damu ikianza kuonekana kwenye mswaki, usishtuke. Nunua mswaki mwekundu. Utapata miezi kadhaa ya amani, maana ugonjwa wa fizi kwa kawaida hauumi; unakula tu mfupa ulioshika meno, kimyakimya.

Mdomo ukianza kunuka hadi watu wa nyumbani wanakujibu wametazama pembeni, nenda duka la dawa. Cheti cha nini? Simama kaunta, vuta mdomo wa chini umwonyeshe muuzaji, useme: "Dada, nipe zile za rangi mbili, za buku."

"Na Flagyl?"

"Weka na Flagyl."

Atakata karatasi ya vidonge kwa mkasi, atie kwenye bahasha ndogo ya kaki na kuandika 1x3 kwa kalamu. Usimuulize ni kwa siku ngapi. Buku imeshapanga dozi. Na kama penisilini iliwahi kukuvimbisha uso, usimsumbue kwa habari hizo, ingawa amoksilini, yaani hizo za rangi mbili, ni ya ukoo huohuo.

Kinachoudhi ni kwamba katika kuchagua dawa hukukosea. Mwaka 1962 D. L. S. Shinn wa Uingereza aliandika katika The Lancet kuhusu mgonjwa aliyepewa metronidazoli, yaani hiyo Flagyl, kwa maambukizi ya ukeni, na fizi zake zenye vidonda zikapona. Mwaka 1989 van Winkelhoff na wenzake wa Uholanzi wakaeleza jinsi walivyoitumia pamoja na amoksilini. Hadi leo madaktari wa meno huandika zote mbili, mara nyingi kwa siku 7, lakini kwa wagonjwa wachache, hasa vijana ambao mfupa wao unaliwa kwa kasi. Tena huziandika sambamba na kukwangua ugaga mpaka kwenye mizizi.

Hapo pa kukwangua wewe paruke. Bakteria wa fizi wamejenga utando juu ya jino, chini ya ufizi, na humo ndani wanastahimili dawa ambayo ingewamaliza wangekuwa nje. Utando usipovurugwa kwa chuma, kidonge ni marashi yaliyopulizwa jaani.

Siku ya pili harufu itapungua. Acha dawa papo hapo. Zilizobaki mpe shemeji anayeumwa jino. Tatizo lake ni tundu, lakini undugu ni kufaana. Alexander Fleming, katika hotuba yake ya Nobel ya Desemba 1945, alionya kwamba dozi pungufu huwazoesha vijidudu dawa. Mzee yule hakuijua hali ya mfukoni mwako.

Damu ikirudi, rudia yote. Meno yakianza kucheza, achana na nyama choma, hamia kwenye mtori.

Asiyeutaka mwongozo huu aende kwa daktari wa meno akwanguliwe ugaga, apige mswaki mara mbili kwa siku na kusafisha katikati ya meno. Wengi hawatahitaji hata kidonge kimoja. Ukiandikiwa, meza kama ulivyoelekezwa, na bia isubiri. Na uso ukivimba, ukapata homa au ukashindwa kumeza, usipitie dukani: nenda hospitali siku hiyohiyo.