Sifa za Kisulisuli, Mkaguzi wa Mapaa

Miongoni mwa watumishi wa umma wasiotajwa katika hotuba yoyote, kisulisuli cha Nyakahura ndicho kinachostahili kutangulizwa. Upepo huo unaojizungusha, ambao wakati wa kiangazi huinuka mchana kando ya barabara kuu iendayo Rusumo, ukazoa vumbi, majani makavu na kanga iliyoanikwa, hauhitaji wingu wala mvua: ardhi tupu iliyochomwa na jua huipasha joto hewa iliyo juu yake, hewa hiyo hupanda kwa kasi, na mzunguko mdogo uliokuwapo karibu na ardhi huvutwa juu, ukawa mwembamba na hivyo ukazidi mbio. Kisulisuli hufagia uwanja bila kuagizwa, huzunguka kulia au kushoto bila upendeleo, na huondoka bila kudai posho.

Tonado, ingawa hufanana nacho kwa umbo, ina asili ya heshima zaidi. Yenyewe hutoka katika wingu la radi, nayo huhitaji hewa ya chini yenye joto na unyevu, hewa baridi juu yake, na pepo zinazobadilika kasi na mwelekeo kadiri kimo kinavyoongezeka. Tofauti hiyo ya pepo huibiringisha hewa ikiwa imelala; hewa inayopanda winguni huusimamisha mbiringiko huo wima, na ukijikaza hadi kugusa ardhi, tonado imezaliwa. Hata vimbunga vya baharini, ambavyo ni mifumo yenye upana wa mamia ya kilomita, huzalisha tonado, kwa sababu kimbunga kinapoingia nchi kavu, miti na vilima hupunguza kasi ya upepo wa chini huku ule wa juu ukiendelea vilevile, hasa katika mikanda ya mvua iliyo mbali na kitovu. Kimbunga Ivan, kilichoipiga Marekani mwaka 2004, kilizalisha zaidi ya 100. Nyakahura imenyimwa neema hiyo, kwa kuwa haifiki nyuzi 3 kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kukisokota kimbunga; na Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024, kiliishia huko huko.

Hata hivyo, sifa kuu ya upepo mkali, uwe wa aina yoyote, ni ukaguzi wa majengo. Mkaguzi huyu hasubiri gari wala mafuta, hasaini daftari la wageni, na hajapata kuonekana akipelekwa pembeni kunywa soda. Huanzia kwenye ncha ya paa, mahali ambapo viatu vya wakaguzi wengine havijafika, akaujaribu msumari mmoja baada ya mwingine. Huisoma geji ya bati bila kipimo, akagundua kuwa mkataba ulitaja 28 na paa limepewa 30, ambayo, licha ya ukubwa wa namba, ni nyembamba zaidi. Huuliza kama kenchi zimefungwa kwa nondo zilizotoka kwenye lenta au zimekalishwa tu juu ya ukuta kwa uzito wake na dua za fundi. Mbinu yake ni ya kisayansi: upepo upitao juu ya paa hupunguza mgandamizo wa hewa huko juu, na ule ulioingia kwa madirisha yasiyo na vioo husukuma kutoka ndani. Ripoti hukabidhiwa siku hiyo hiyo, hadharani, katikati ya migomba ya jirani.

Kisha taarifa huandikwa kwamba kimbunga kimeezua darasa. Kimbunga kipi? Mara nyingi hata tonado haikuwapo. Ilikuwa hewa iliyopozwa na mvua, ikaanguka kutoka katika wingu la radi na kusambaa ardhini kwa mstari ulionyooka. Upepo huo huo ulipita juu ya nyumba ya bibi mwenye mabati chakavu yaliyokazwa kwa waya, ukaiacha. Viongozi huja kutoa pole, hupigwa picha mbele ya kifusi, husema ni kazi ya Mungu, na kazi ya kuezeka upya hupewa fundi yule yule, kwa geji ile ile, huku watoto wakisoma chini ya mwembe. Kamati ya ujenzi na ipande ngazi kabla bati la kwanza halijapigiliwa, ihesabu nondo zilizofungwa kwenye kenchi, na mwenye kalamu ya malipo asisaini mpaka naye amepanda.