Sifa za "Hapo Tu"

Malenga wameshamsifu simba, jahazi na jicho la mpenzi. "Hapo tu" hajasifiwa na mtu, na mimi nina deni lake, maana bila yeye nisingefika juu ya vilima vya Manyovu.

Nilishuka kwenye basi la kutoka Kigoma mjini nikiwa na viatu vya ofisini na chupa moja ya maji. Nikakichagua kilima kilichovizidi vyote kwa macho ya pale kituoni, nikaanza kupanda.

Mpandaji wa Kilimanjaro naye nimhurumie. Vibao vinamwambia Horombo ni mita 3,720, Uhuru 5,895, na saa ngapi zimebaki. Miguu ikishapiga hesabu, moyo unalegea. Manyovu hakuna kibao. Kuna mzee mwenye jembe begani. Nikampa shikamoo, akaipokea, akauliza habari za nilikotoka, za safari, za watoto. Ndipo nikathubutu: "Babu, kileleni ni mbali?"

"Hapo tu."

Tazameni ufundi wake. "Kule" kuna kipimo: mtu akivuta sauti, kuleee, na kidevu kikapanda, unajua utalala njiani. "Hapo tu" halivutwi. Tena kwa sarufi, "hapo" ni mahali alipo msikilizaji, kwa hiyo mzee aliniambia kilele kiko miguuni pangu. Nani angekaa chini baada ya habari kama hiyo?

Nikapita migomba, nikapita kahawa, nikapita maharage yaliyoning'inia kwenye mteremko kama nguo zilizoanikwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Ule udongo mwekundu ulinipokea mara mbili kwa magoti, mara moja kwa makalio. Nilipofika juu, nyuma yake kulikuwa na juu nyingine. Mama mmoja akateremka peku, mkungu wa ndizi kichwani, shingo haitikisiki. "Pole, mwanangu. Hapo tu, umeshafika." Kwenye mgongo wa tatu, mtoto mchunga mbuzi akanipa neno lile lile bila hata kunitazama. Kwa hiyo nilikuwa nimeshafika kwa muda wa saa nne.

Wapo wanaosema huo ni uongo. Sikubali. Yule mama hupanda njia ile akiwa na mzigo, na kipimo alichonipa ni cha miguu yake. Kama yangu ni ya kiti cha ofisi, kosa ni la nani? Na kumwambia mgeni "mbali sana" ni kumfukuza kwa adabu.

Hatimaye juu ziliisha. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akipalilia: Burundi iko wapi? "Hapo tu," akasema, na safari hii ilikuwa kweli tupu. Mpaka huo ni matunda ya Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, waliogawana ardhi ya Wajerumani mwaka 1919. Kiha na Kirundi havikuona sababu ya kuacha kuelewana. Hata simu yangu ilikuwa imeshavuka peke yake.

Nikamuuliza na kituo cha basi. Akatabasamu. Basi la mwisho lilinikuta bado natelemka.

Ukienda Manyovu, salimia kwanza, usiulize kilomita, na ubebe maji chupa mbili.